Ndama Kumi na Wawili

Habiba, tuliyefanya naye kazi Garissa zamani, alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimefungua simu ya mteja mezani na nimeshika skrubu ndogo kwa ncha ya kibanio. Kwa kawaida salamu zake huchukua dakika nzima: afya, kazi, watoto, mvua, tena afya. Siku hiyo hakuzungukazunguka. "Mzee Bulle ametutoka," alisema. "Wamemzika jana kabla ya adhuhuri." Nilisema maneno yanayosemwa. Skrubu ilidondoka sakafuni nami sikuinama kuitafuta. Kisha akaniambia kwamba Nasra, binti wa marehemu, alikuwa nyumbani kwao mtaa wa Iftin, Garissa, akipokea wageni wa msiba, na kwamba ningefanya vizuri kwenda kumwambia lile jambo mwenyewe. Nikamuuliza ni jambo lipi. "Warya," alisema, yaani wewe kijana kwa Kisomali, kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kunikaripia nilipokuwa kijana, "mimi si mashine yako. Mimi sisahau."

Baada ya simu hiyo nilifungua droo ya chini nikamtoa Namba Saba. Ni kompyuta ya mfukoni ya zamani, nzito kama kipande cha sabuni ya kufulia, yenye kioo kinachoandikwa kwa kijiti cha plastiki. Watoto wangu huicheka. Kila Alhamisi, kwa miaka ishirini na zaidi, nimeipachika kwenye chaja. Betri yake nimeibadilisha mara nne, na kila mara nilifanya kazi hiyo mlango ukiwa umefungwa na saa ikiwa mbele yangu. Mashine za aina ile hazikuhifadhi kitu mahali pa kudumu. Kila ulichoandika kilikaa humo kwa nguvu ya betri tu, na betri ikiisha, mashine iliamka bila habari ya jana. Ndani yake kulikuwa na kabetri ka akiba kadogo kama kifungo, ka kuishikilia kwa nusu saa hivi wakati unabadilisha ile kubwa. Mke wangu aliwahi kuniuliza kuna nini humo cha kulindwa namna hiyo. Nilimjibu kwamba ni mambo ya kazi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipopelekwa Garissa kuzitunza mashine hizo. Shirika moja dogo lilikuwa likiorodhesha kaya za wafugaji waliopoteza mifugo katika ukame, ili mvua ikirudi wapewe mbuzi wa kuanzia upya. Wadadisi sita walizunguka bomani na visimani, kila mmoja na mashine yake, na sita nyingine zilikuwa za akiba au zilikuwa wagonjwa kwangu. Zilitufikia zikiwa tayari zimezeeka, zimechoshwa na mradi mwingine sehemu nyingine. Nilizipanga kwenye meza ndefu, nikazipa namba kwa rangi ya kucha niliyonunua sokoni, nikiona aibu mbele ya mwenye duka. Nilizijua kwa maradhi yao. Namba Mbili ilizimika ukiigusa shavuni. Namba Tisa ilikataa kadi mpaka uisugue miguu yake kwa ufutio wa penseli. Namba Saba ilikuwa na ugonjwa wa vumbi: chembe za mchanga ziliingia kati ya kioo na fremu, zikabonyeza pembeni, na mashine ikadhani kuna mtu anaigusa saa zote. Dawa yake ilikuwa kukata ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, kuupitisha taratibu kwenye ukingo wa kioo mpaka chembe zitoke, kisha kuigusa ile alama ya msalaba mara tano, katikati na kwenye kona nne, ili ijue upya kidole kiko wapi. Mchana wa Garissa ulipokuwa mkali kiasi cha kuwanyamazisha hata mbuzi wa jirani, mimi nilikuwa pale, nikitoa mchanga chembe baada ya chembe, na sikumbuki kazi nyingine iliyowahi kunituliza vile.

Ila kazi iliisha saa kumi na moja, na baada ya hapo kulikuwa na chumba. Nilipanga mtaa wa Waberi, chumba kimoja cha mabati, kitanda cha kamba, ndoo mbili na jiko la mafuta. Ukuta mmoja niligawana na familia ya watu wengi, ambayo niliijua kwa sauti tu. Nilimjua bibi aliyegomba asubuhi, mtu mzima aliyekohoa kabla ya kusema, wasichana wawili walioimba wakiosha vyombo. Kisomali changu kilikuwa cha maneno kumi. Nilijua wanapocheka kabla sijajua wanacheka nini, na mara nyingine nilitabasamu upande wangu wa ukuta, nikiwa nimechelewa, kama mtu anayeitikia salamu ambayo haikuwa yake. Nilikula wali na maharage kwenye sufuria yenyewe ili nisioshe sahani. Namba Saba nilikuja nayo nyumbani karibu kila siku, pamoja na chaja yake, nikijiambia kwamba naichunguza. Kweli ni kwamba ilikuwa na mchezo wa karata wa mtu mmoja. Nikiutazama mwaka ule kutoka hapa nilipo, naona kwamba sikuchukiwa na mtu yeyote Garissa. Watu walinisalimia, wakanionyesha njia, wakanipa kiti. Nilikuwa mpweke jinsi mtu anavyokuwa mpweke mahali ambapo kila mtu ana mtu.

Mzee Bulle alikuwa mlinzi wetu wa mchana na mshika funguo. Alikuwa mrefu, ndevu zimepakwa hina, redio ndogo haikumtoka sikioni, na hakuwa mpole. Aligombana na redio, na madereva, na kunguru waliotua juu ya tangi la maji. Kwa miezi miwili alinitazama nikipita getini na mfuko wa karatasi wenye mandazi, nikienda kula nyuma ya ofisi. Siku moja aliinuka akanizuia kwa fimbo. "Warya, fundi! Wewe ni fisi? Kwa nini kila siku unajificha na chakula?" Nilisema sijifichi. "Basi keti." Mbele yake kulikuwa na sahani ya bati yenye anjera, mikate laini kama chapati za maji, zilizolowa chai na siagi. Alinisogezea upande mmoja wa sahani. Nilikula kwa adabu, kidogo kidogo, naye akakasirika tena. "Kula fizuri! Hiyo ni kula ya mgonjwa." Tangu siku hiyo asubuhi zangu zilikuwa kwenye kile kibanda cha mlinzi, sahani moja, mikono miwili. Aliwaambia waliopita, bila kunitazama, kwamba mimi ni marti wake, yaani mgeni wake, na walivyoitikia kwa kichwa nilielewa kwamba lilikuwa neno zito kuliko la Kiswahili. Sikulifikiria zaidi.

Yeye ndiye aliyezipa mashine jina. Jioni, kabla ya kufunga, nilizipachika zote kwenye vikalio vya chaja, mstari mmoja, na taa ndogo za machungwa zikawaka. Mzee Bulle alisimama mlangoni na funguo zake akitazama. "Sasa hii ni ndama," alisema siku ya kwanza. "Mchana inazunguka, jioni inafungwa kwa mama yake inyonye." Basi ikawa ndiyo salamu yetu ya kufungia siku. Aliuliza, "Ndama wamenyonya?" nami nikajibu, "Wananyonya, Mzee." Taa zikigeuka kijani maana yake wameshiba.

Wiki ya kwanza ya Ramadhani, kompyuta kubwa ya ofisi, ile tuliyohamishia habari zote kila wiki, ilikufa kwa joto. Ilipelekwa Nairobi kutengenezwa. Kwa wiki tatu habari zote mpya za kaya zilikaa ndani ya mashine ndogo tu, na nilijua hivyo kuliko mtu yeyote. Ofisi ilifungwa Alhamisi mchana kwa ajili ya Idd, na kwa sababu ya wikendi na siku ya mapumziko tungerudi Jumanne. Mratibu wetu, mwanamke mkali wa haki tuliyemwita Madam, alikuwa ameondoka asubuhi. Siku zile soko lilikuwa limeungua kwa hitilafu ya waya, na yeye alikuwa ametuagiza soketi zizimwe, ila za mashine, kila tunapofunga ofisi kwa siku nyingi.

Mzee Bulle alikuwa amenialika kwake Iftin kufuturu siku hiyo, na kurudi tena kesho kwa Idd yenyewe. Sijui nielezeje furaha yangu. Nilikuwa nimenunua shati. Nilikuwa nimeuliza sokoni mtu hupeleka nini, nikaambiwa tende, nikanunua nyingi mno. Nilisimama uani na mfuko wangu wa tende, Namba Saba mfukoni, na yeye akiwa ndani anazima swichi moja moja. Akatoa kichwa mlangoni.

"Hata ndama?"

Taa zote zilikuwa kijani. Niliziona nyuma ya bega lake. Akili yangu ilikuwa tayari Iftin.

"Zima kila kitu, Mzee," nilisema. "Tutachelewa."

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na ua uliofagiliwa ukaacha mistari. Tuliketi mkekani, na Nasra, binti wa darasa la sita mwenye mtandio wa kijani wa shule, alituletea birika la kunawa. Kulikuwa na sambusa, na nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa ndogondogo ikakaangwa na kutunzwa ndani ya mafuta yake, na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Siku ya Idd nilirudi, na Jumamosi pia, maana Mzee Bulle alituma mtu kuniita. Nasra aliiona Namba Saba akataka kujua yote. Aliuliza kitu kila baada ya kumeza. Nilimpa kijiti nikamwambia aandike anachotaka kwenye ukurasa wa maandishi. Aliandika polepole, ulimi nje, kwa herufi kubwa: NASRA BULLE, DARASA LA SITA. Kisha akauliza, "Ikizimika itanikumbuka?" Nilimwambia ikizimika tu, itakumbuka, ikikosa chakula kabisa, itasahau kila kitu. "Basi ni mnyama mbaya," alisema. "Ngamia akikonda hasahau." Baba yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu atatengeneza mashine," aliniambia. "Wewe utamfundisha." Nilisema nitamfundisha. Kwa siku nne sikurudi ofisini hata mara moja. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuwa na mahali pa kwenda.

Jumanne asubuhi nilifungua mlango, nikaona meza haina taa hata moja. Niliwasha soketi, nikangoja, nikabonyeza Namba Moja. Iliamka nyeupe, ikaniletea alama ya msalaba katikati ya kioo, ikiniomba niiguse. Namba Mbili vilevile. Namba Tatu. Mashine kumi na moja, moja baada ya nyingine, zilikuwa zikiniomba nizifundishe kuguswa, kama hazijawahi kushikwa na mtu. Wiki tatu za kazi ya watu sita, kaya kutoka kandokando ya mji mpaka Ijara, zilikuwa zimekwenda. Mbuzi wangegawiwa kwa orodha. Ambaye hakuwa kwenye orodha hakuwa na mbuzi.

Madam alituita ofisini kwake sote. Hakupaza sauti. Aliuliza nani alizima soketi.

"Mimi," alisema Mzee Bulle.

"Nani alikuambia uzime na za mashine?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilifungua mdomo. Najua niliufungua, kwa sababu nakumbuka ukikauka. Mzee Bulle hakunitazama. Alikuwa akitazama kalenda ukutani, picha ya ziwa fulani lenye maji mengi.

"Hakuna mtu," alisema. "Ni mimi na kichwa yangu."

"Fundi, ulimweleza kwamba hizi hazizimwi?"

"Alikuwa anajua," nilisema.

Ndilo neno nililosema. Lilikuwa la kweli, na hakuna uongo wowote niliowahi kusema ulionidumu kama ukweli ule. Kabla ya saa sita alikuwa ameandikiwa barua. Nilimfuata getini. Alikuwa akiifunga redio yake ndani ya kikoi, na nilianza kusema, Mzee, nitarudi ndani, nitamwambia Madam, naye akanikata kwa mkono kama anafukuza kunguru. "Umekula kwangu," alisema. "Nikuaibishe mbele ya watu, halafu nirudi kwa nyumba nitazame ile sahani?" Kisha, alipokuwa amekwisha vuka barabara, aligeuka akapaza sauti ili nisikie: "Ndama wamenyonya?"

Aliyetuokoa alikuwa Habiba. Alikuwa mkubwa wa wadadisi, mwanamke mnene, wa vicheko na masimango, asiyejua kuandika haraka lakini asiyesahau njia aliyopita. Aliketi mkekani katikati ya chumba changu cha mashine, akafumba macho, akaniambia nichape. "Toka kisima cha kwanza, shika mkono wa kulia. Nyumba ya kwanza ni mama Saadia, mjane, watoto watano. Mbuzi kumi na moja walikufa, wawili wako. Andika! Ngamia mmoja jike, jicho moja bovu. Pita ule mti ulioanguka. Ya pili ni ya shemeji yake, huyo ni mwongo, alisema ishirini, lakini zizi lake ni la kumi. Andika kumi." Aliwaita na wenzake, na walipokwama alimtaja baba wa mtu, na babu yake, na baba wa babu, mpaka mwenyewe akapatikana. "Hizi mashine zenu ni kama mlevi," aliniambia. "Akilala, anaamka anauliza jina la mama yake." Kwa siku nane nilichapa, na mwishowe zilizokosekana hazikufika hata kumi, nazo wakaenda kuziandika upya. Madam alitushukuru kwa chai na keki.

Ningeweza kusema wakati huo. Hilo ndilo ninalolizungusha kichwani hadi leo. Orodha ilikuwa imerudi, hasira zilikuwa zimeshuka, na nafasi ya Mzee Bulle getini ilikuwa bado haijapata mtu. Ingenigharimu karipio, pengine nauli ya kurudi kwetu. Niliandika barua kwa Madam mara tatu, nikazichana mara tatu. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe ameniambia ninyamaze, kwamba ni mila yao, kwamba kusema kutamvunjia heshima. Ni ajabu jinsi nilivyokuwa mwepesi wa kuheshimu mila za watu siku ile. Baada ya wiki tano nilikwenda Iftin. Ua ulikuwa na mifuko ya plastiki iliyopeperushwa, mlango una kufuli. Jirani aliniambia wamehamia Ijara kwa ndugu yake Mzee, huko kuna mifugo ya kuchunga. "Na Nasra?" nikauliza. "Wote," alisema.

Miezi iliyobaki nilikula nyuma ya ofisi. Mlinzi mpya alikuwa kijana wa heshima aliyenipigia saluti. Upande wa pili wa ukuta, Waberi, wasichana waliendelea kuimba wakiosha vyombo, na kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nimejifunza Kisomali cha kutosha kuelewa maneno ya wimbo. Mradi ulipofungwa, mashine ziliandikwa kuwa takataka, na nikaomba moja.

Nilifika Garissa Alhamisi iliyopita, miaka ishirini na zaidi baadaye. Nyumba ya Iftin, ambayo familia ilikuwa imeirudia, ni ileile, imeongezewa chumba na bomba. Nasra alinipokea mlangoni. Ni mwanamke wa makamo, uso wa baba yake bila ndevu za hina, na anauza vitambaa sokoni. Mumewe aliketi nasi kidogo, akaulizia safari, kisha akatoka kuwapokea wengine, mlango akauacha wazi. Nilitaka kusema mara moja kabla ujasiri haujaniisha. Nasra alinyanyua kiganja. "Kunywa kwanza, fundi." Alikuwa amenitambua. Nilikunywa kikombe chote cha chai ya tangawizi chini ya macho yake, na alipohakikisha kimekwisha, alisema, "Haya."

Nilimweleza. Soketi, tende, "hata ndama," kalenda, "alikuwa anajua." Nilipomaliza nilitoa Namba Saba kwenye mfuko, nikaiwasha, nikafungua ukurasa wa maandishi, nikamkabidhi. Aliishika kwa mikono miwili, akaileta karibu na mwanga wa mlango. Zile herufi kubwa zilikuwa pale, N ya kwanza imepinda kama alivyoipinda.

"Darasa la sita," alisoma. Kisha akacheka kidogo, pumzi tu. "Hapo ndipo niliposimama."

Nilisema sikujua. Alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Huko hakukuwa na shule ya karibu. Nilichunga mbuzi wa adeer, baba mdogo, mpaka nikaolewa. Baba hakutaja jina lako hata mara moja. Tulimuuliza kwa nini alifukuzwa, anasema ni kichwa yake." Alisikiliza kidogo wageni nje wakisoma dua. "Kazi ilikuwa yake, fundi. Akitaka kumpa mgeni wake, ampe. Lakini shule ilikuwa yangu. Hakuniuliza. Na wewe hukuniuliza."

Aliinuka akanijazia kikombe tena. Nilitoa chaja mfukoni, nikaufungua waya wake niliouzungushia mpira, nikamweleza kwamba inatosha mara moja kwa wiki, Alhamisi ni siku nzuri, na kwamba isipolishwa, siku kumi haifiki, itasahau kila kitu. Nikamnyooshea.

Aliitia mashine kwenye mfuko wa dera lake. Chaja hakuipokea.